KWA NINI MOTOKARI YA SHULE ILIKUWA INATIKISA KICHWA



Wengi wametuomba tuandike juu ya ugonjwa wa motokari yetu, ile Land Rover ya kijani, kwa kuwa kila mtu anauhadithia namna yake. Wadogo wa mwaka wa kwanza wanasema ni pepo. Wengine wanasema ya kuwa sisi wa mwaka wa sita tuliivunja kwa kusudi, kiisha tukaitengeneza ili tupate sifa. Ya pepo ni uongo. Ya pili nayo ni uongo, lakini ndani yake kuna kipande kidogo cha kweli, na tutakifikia. Somo hili ni la fizika na la garaje pamoja, na kila kitu tunachoandika hapa tulikishika kwa mikono yetu.

Kwanza habari yenyewe. Siku ya posho, tarehe 11 Novemba 2023, tulikuwa tukienda Likasi kuleta unga. Tulikuwa watu tisa nyuma juu ya mbao, na Papa shofere mbele pamoja na mama wa jikoni. Kwenye barabara ya udongo mambo yalikuwa sawa. Tulipofika kwenye lami, Papa akaongeza mwendo, karibu kilometa 60 kwa saa, na gurudumu la kushoto likapiga shimo. Palepale motokari ikaanza kutikisa kichwa. Hatusemi ilitetemeka, maana kutetemeka tumekuzoea. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanageuka kushoto na kuume kwa haraka sana, kama mtu anayekataa jambo kwa hasira, na volani ikampokonya Papa mikono. Tulivuka upande wa pili wa barabara, tukaingia katika majani. Lori la mawe ya shaba lilipita nyuma yetu likipiga honi, na honi ile tungali tunaisikia usiku. Mwenzetu mmoja alivunjika jino. Wengine hatukuumia.

Sasa tuseme jambo ambalo hatulipendi. Jumatatu komite ya wanafunzi iliandika barua kwa Papa Prefe, kusema kwamba shofere amezeeka, macho yake hayaoni mashimo, na labda anakunywa. Sahihi zilikuwa kumi na nne, na ya kwanza juu kabisa ilikuwa ya kapita wa wanafunzi, ndiye anayeandika haya. Papa aliwekwa kukaa mlangoni kufungua kizuizi. Kijana mmoja wa kijiji akapewa ufunguo. Majuma mawili hayakupita, ile motokari ikamfanyia kijana jambo lile lile, mahali pengine, mwendo ule ule. Na macho yake yanaona vizuri sana.

Basi tukajua ya kuwa ugonjwa uko katika chuma.

Inatoka wapi nguvu ya kutikisa?

Hapa mtoe karatasi. Mpira wa motokari yetu ni 7.50-16, na gurudumu likizunguka mara moja linatembea karibu mita 2.5. Kilometa 60 kwa saa ni karibu mita 16.7 kwa sekunde. Gawanya: gurudumu linazunguka karibu mara 6.7 kila sekunde. Kama upande mmoja wa gurudumu ni mzito kupita mwingine, ule uzito unapiga mara 6.7 kila sekunde, bila kuchoka.

Mmesukuma mtoto kwenye bembea. Ukisukuma ovyo, bembea haiendi mbali. Ukisukuma kila mara wakati wake inaporudi, hata kidole kimoja kinatosha kuipandisha juu. Ponti ya mbele ya motokari, pamoja na magurudumu yake mawili na fimbo inayoyaunganisha, nayo ni bembea, iko na wakati wake wa kwenda na kurudi. Mwendo wa gurudumu ukilingana na wakati ule, kidole kinakuwa ngumi. Ndiyo maana ugonjwa unachagua kilometa 60 na unaacha 40.

Tena gurudumu linalozunguka lina tabia ya pia. Mkijaribu na gurudumu la baisikeli mtaona: lishike kwa mhimili wake kwa mikono miwili, mwenzako alizungushe kwa nguvu, kiisha ulilaze upande. Halilali tu, linataka pia kugeuka kushoto au kuume. Ni hivyo gurudumu moja la Land Rover likipiga shimo: linapanda, ponti inalala upande, na gurudumu linageuka lenyewe. Katika motokari yenye ponti nzima ya chuma mbele, magurudumu yote mawili yanalala pamoja na kugeuka pamoja, moja linaambukiza lingine. Gari nyingi ndogo za mjini, ambazo kila gurudumu la mbele linajitegemea, hazipati ugonjwa huu namna hii.

Lakini motokari mpya ya namna ile ile inapiga mashimo yale yale na haitikisi kichwa. Kwa nini? Kwa sababu kila kitu kimekazwa, na tena mahali fulani pamewekwa ugumu wa makusudi, unaokula nguvu ya kutikisa kabla haijakua. Mahali pale ndipo tulipochelewa kufika, kwa kuwa tulitaka dawa ya haraka.

Dawa yetu ya kwanza, na jinsi ilivyotudanganya

Mtu mmoja sokoni alituambia kwamba ugonjwa huu unaponywa na amortisere ya volani, ile inayolala kwa upana mbele na kuzuia magurudumu yasigeuke kwa ghafula. Tulichanga. Mnakumbuka, hata ninyi wa mwaka wa pili mlitoa pesa ya mikate yenu. Tukanunua, tukafunga, tukaimba. Majuma matatu motokari ilikuwa mpole. Kisha siku moja ilianza tena, na safari hii ilianza kwa kilometa 70, kwa hiyo ilikuwa na hatari zaidi.

Ndipo Papa Prefe akamwita fundi wa misioni, mzee aliyetengeneza Land Rover na Toyota miaka mingi. Alifika na begi moja. Hakufungua hata buloni moja. Alikaa juu ya ndoo akatuuliza:

«Batoto, museme kwanza. Inaanza wakati gani? Njo yenyewe, ao mpaka ipige shimo? Na inaachaka wakati gani?»

Tukasema: mpaka ipige shimo au ufa wa lami, na haiachi mpaka mtu aipunguze karibu kusimama.

«Na mulibadilisha nini?»

«Amortisere ya volani, Papa.»

«Aa. Mugonjwa iko na malaria, munamuvalisha blanketi. Kutetemeka kunapunguka, njo kweli. Lakini malaria iko ndani.»

Maneno yake ya kwanza yana faida kuliko vyombo vyote vya begi. Kama motokari inatikisika kila mara ikifika mwendo fulani, hata barabara ikiwa safi, na ukipita mwendo ule inanyamaza, tazama mipira na janti kwanza. Kama inangoja shimo ndipo ianze, na ikianza haijui kuacha, tafuta kilicholegea. Hata hivyo alianza na mipira, maana haitaki pesa.

Jinsi ya kutafuta

Tuliosha janti kwa ndani. Wadogo, msicheke: udongo mwekundu uliokauka ndani ya janti, upande usioonekana, unaweza kuwa na uzito wa kutosha kuleta ubaya. Tulitoa vigae vya udongo vyenye unene wa vidole viwili. Tukapima upepo wa mipira, tukahamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Mpira mmoja ulikuwa na uvimbe, ukatengwa uwe wa akiba. Tukakaza ekuru za magurudumu, na zile buloni kubwa zinazofunga ponti juu ya resori, maana resori ikiteleza, ponti yote inageuka kidogo. Tukajaribu motokari kwenye lami, bila abiria. Ikatikisa, lakini ilihitaji shimo kubwa kuliko zamani. Fundi akafurahi. Alisema tumempokonya mwizi fimbo, bado yeye mwenyewe.

Kisha fimbo za usukani. Katika Land Rover ya namna hii volani inashuka mpaka kwenye buati, buati inasukuma fimbo moja ndefu mpaka kwenye rele iliyosimama mbele ndani ya shasi, rele inasukuma fimbo ya pili mpaka kwenye gurudumu, na fimbo ya tatu inaunganisha magurudumu mawili. Kila fimbo ina rotuli mbili. Hesabuni wenyewe: rotuli sita. Kila moja ikiwa na uhuru wa milimita moja tu, volani inakuwa kama bwana mwenye wajumbe sita, kila mmoja akibadilisha neno kidogo.

Namna ya kuzijaribu ni hii. Motokari isimame chini, magurudumu juu ya udongo, moto umezimwa. Mmoja aingie ageuze volani kidogo kushoto, kidogo kuume, bila kuacha. Mwingine alale chini, aweke kiganja juu ya kila rotuli, nusu ya kiganja upande huu na nusu upande ule. Macho yanadanganya, kiganja hakidanganyi: rotuli mbovu utasikia upande mmoja ukianza safari na mwingine ukingojea. Sisi tulipata moja, ile ya mwisho kuume katika fimbo ya kuunganisha. Ikabadilishwa. Rele tuliishika tukaisukuma juu na chini, ikakataa kucheza. Nzuri. Buati ilikuwa na uhuru kidogo, fundi akausahihisha kwa skurubu yake kidogo tu, akatuonya kwamba mtu akikaza sana, volani inakuwa ngumu katikati na hairudi yenyewe baada ya kona.

Baada ya kubadilisha rotuli, ni lazima kupima mbele. Kitabu cha motokari hii kinataka magurudumu yakaribiane kidogo kwa mbele kuliko kwa nyuma, milimita 1.2 mpaka 2.4. Tulifanya na ufito wa mbao na msumari kila ncha, na chaki kwenye mipira. Ilituchukua asubuhi nzima, na mwalimu wa fizika alitupigia kelele juu ya makosa ya kipimo, lakini tulifika.

Sasa kriki. Fundi aliinua gurudumu la kushoto, akatuwekea vipande vya mti chini ya ponti (msiingie kamwe chini ya motokari inayoshikwa na kriki peke yake). Akatuambia tushike mpira, mkono mmoja juu, mwingine chini, tuvute na kusukuma. Ukacheza: tk, tk. Tukapiga kelele, «Rulema ya gurudumu!»

«Polepole», akasema. «Mumoja akanyage freni.»

Hapa ni kiini cha somo, msome mara mbili. Freni ikikanyagwa, gurudumu linakuwa kitu kimoja na kipande kinacholibeba. Kwa hiyo kama mchezo unatoweka ukikanyaga freni, kilicholegea ni rulema ya gurudumu. Kama mchezo unabaki, kilicholegea kiko ndani zaidi, katika pivoti, pale gurudumu zima linapogeukia kama mlango kwenye bawaba. Tukakanyaga freni. Tk, tk. Ulibaki.

Dinamometa

Pivoti ya motokari yetu iko namna hii: chini kuna rulema yenye vyuma vya mviringo vilivyochongoka, na juu kuna bushi ya kitu kigumu kama kitambaa kilichokandamizwa pamoja na gundi, mafundi wanaiita Railko. Bushi ile haikuwekwa pale ili iteleze vizuri kabisa. Imewekwa ikwaruze kidogo. Ule ukwaruzo ndio ugumu wa makusudi tuliousema juu. Kadiri yake inapangwa na vipande vyembamba vya bati, kale, chini ya kifuniko cha juu: ukitoa kale, pivoti inabanwa, ukiongeza, inalegea. Watu wanaopenda motokari laini wanaongeza grese na kale, wanafurahi siku mbili, kisha wanakwenda kwenye majani kama sisi.

Lakini utajuaje kama ukwaruzo unatosha? Fundi anatumia mizani ya ndoano, na yake ilikuwa imeibiwa. Mwenzetu mmoja wa seksio ya sayansi akasema: «Si tuko na dinamometa katika kabati?» Kusema kweli dinamometa ile ilikuwa haijatoka kabatini tangu tulipokuwa mwaka wa tatu. Tulifungua fimbo za usukani ili kila gurudumu liwe peke yake, tukatoa magurudumu, tukafunga ndoano kwenye mkono wa pivoti, tukavuta polepole. Kuume: newtoni 45. Kushoto: sindano haikufika 10, na katikati ilirukaruka.

Mwalimu wa fizika, aliyekuwa amesimama mbali ili asichafuke, alikuja akapiga magoti ndani ya mafuta.

Tukafungua pivoti ya kushoto. Bushi ya juu ilikuwa imelika upande mmoja. Rulema ya chini ilikuwa nyekundu kwa kutu, na kila chuma kimeacha alama yake katika kikombe, kama vidole katika udongo. Ile tufe kubwa inayong'aa, nyuma ya gurudumu, ilikuwa na vidonda vya kutu. Vidonda vimekata joani. Kwa joani mafuta yametoka na maji ya mito yameingia. Ndani hamkuwa na mafuta hata kijiko. Kulikuwa na uji wa rangi ya kahawa.

Na hapa ndipo kile kipande kidogo cha kweli. Papa shofere aliona zamani kwamba joani ya kushoto inavuja. Joani mpya haikupatikana, basi aliomba kila posho mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tano afungue kizibo atie mafuta mpaka yajae. Orodha ya kazi ile ilikuwa katika daftari la kapita. Mwaka ule wa tano ulikuwa sisi. Tulifanya mpaka mwezi wa pili wa 2023, kisha tukaacha, kwa sababu mafuta yale yananuka na hayatoki katika shati jeupe. Papa aliuliza mara mbili. Tulimjibu kwamba imefanyika. Fundi alipouliza nani alikuwa na kazi ya mafuta, hapakuwa na mtu wa kujibu, na mwishoni tulilitafuta daftari sisi wenyewe tukampa Papa Prefe.

Rulema na bushi mpya zilitoka Lubumbashi. Tukaosha, tukafunga, tukatoa kale moja moja na kuvuta dinamometa kila mara, mpaka kushoto na kuume kulikuwa sawa na kadiri ya kitabu. Ile amortisere ya volani fundi aliifungua akaiweka stoo kwanza. Alitaka motokari ijaribiwe bila blanketi. Tulikwenda kwenye lami, tukalitafuta lile shimo la Novemba, tukalipiga kwa kilometa 40, 50, 60, 65. Volani ilipiga mara moja mkononi, ikanyamaza. Baadaye tuliirudisha amortisere, maana haina ubaya mahali chuma ni kizima, na pesa ya mikate yenu ilikuwa imeshaliwa.

Neno moja kwa wale watakaoendesha siku moja. Ikianza, usifunge freni kwa nguvu, usipigane na volani kwa kuizungusha. Ishike imara, ondoa mguu kwenye moto, acha mwendo upungue. Ndivyo Papa alivyofanya siku ile, tulimwona kwa macho yetu, na tuliandika barua hata hivyo.

Motokari ndiyo itakayotupeleka Likasi kwa mtihani wa Serikali, watu thelathini na mmoja kwa safari tatu, na shofere atakuwa Papa. Barua ya pili ilisomwa mbele ya wanafunzi wote wakati wa ibada ya Jumatano, sahihi kumi na nne. Kisha tulikwenda kwake nyumbani jioni na unga kidogo na sabuni. Alitukaribisha, akaagiza viti. Tulipomaliza kusema yaliyotuleta, alikaa kimya, halafu akauliza:

«Na mafuta? Njo nani anatia sasa?»

Joani mpya ingali haijapatikana. Orodha ya mwaka wa tano imebandikwa mlangoni mwa stoo, majina mawili kila posho, na anayemaliza anatia sahihi mbele ya Papa mwenyewe. Bidoni ya mafuta iko chini ya ngazi. Kizibo cha kujazia ni kile cha mraba nyuma ya tufe. Tia mpaka yaanze kutoka kwa kizibo, ngoja yaache kudondoka, ndipo ufunge. Vaeni shati kuukuu.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa 6